Swali Alilolijibu Kabla Halijaisha

Idwal Prosser alikuwa mwepesi wa kukiri. Ukimwuliza nani kaacha lango wazi kondoo wakatoka, atasema ni yeye, hata kama siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Kwa hiyo pale kijijini, katika vilima vya Wales, hakuna aliyeshangaa kwamba alipokamatwa akiendesha gari amelewa, siku ya maziko ya kaka yake, alisimama kanisani Jumapili iliyofuata akasema mwenyewe kabla gazeti halijasema. Mahakama ilimfungia leseni mwaka mmoja na nusu. Waumini walimsamehe palepale. Kampuni za bima hazina ibada ya namna hiyo.

Aliporudishiwa leseni, bima ilikuwa mara tatu ya ile ya zamani. Akalipa na kunyamaza. Mchuma janga hula na wa kwao, naye wa kwake alikuwa mmoja tu, mkewe Eluned. Kisha Eluned akapatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza, akahamishiwa makazi ya wazee mjini, maili ishirini na mbili kutoka nyumbani. Idwal alimwendea kila Jumapili baada ya ibada. Aprili ya mwaka jana bima ikapanda tena, ikafika pauni elfu moja na mia tisa, na pensheni yake haikuifikia. Gari likaingia bandani. Basi la kijiji lilikuwa limeshafutwa zamani.

Tangu hapo alikwenda mara moja kwa mwezi, katikati ya wiki, katika gari la jirani yao Carys. Carys ni mwema, Mungu ambariki, lakini mdomo wake hauna breki. Aliketi kati ya mume na mke akisimulia nyonga ya dada yake mpaka saa ya kuondoka. Eluned alipouliza gari lina nini, Idwal alijibu kwamba ni injini. Mtu aliyekiri mbele ya kanisa zima alishindwa kumwambia mkewe kwamba ulevi wa siku moja bado unawatenganisha. Nyumbani alikula supu ya viazi huku redio ikiwaka, ili angalau pawe na sauti ya mtu. Upweke ulimkaba, na wa kumweleza hakuwapo.

Aprili hii alipiga simu tena kampuni ya bima, kujaribu bahati. Alipokea dada mmoja aitwaye Tamsin, akaanza maswali yake.

"Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani..."

"Ndiyo. Ulevi. Andika tu, dada."

"Ngoja kwanza, mzee, sijamaliza. Ndani ya miaka mitano iliyopita?"

Miaka yote hiyo Idwal hakuwahi kulisikia swali lile hadi mwisho. Aibu ilikuwa ikimtangulia kujibu.

"Ilikuwa mwishoni mwa Machi," alisema. "Sasa ni miaka sita."

"Basi jibu lako ni hapana."

"Lakini nilifanya."

"Ulifanya, sawa. Mimi sijauliza hilo." Akamsikia akibonyezabonyeza kompyuta. "Pauni mia nne na kumi."

"Na mwaka jana, Aprili?"

Tamsin alibonyeza tena. "Mwaka jana pia miaka mitano ilikuwa imepita. Ilizidi kwa wiki tatu hivi. Pole, mzee."

Alipaswa kufurahi. Badala yake alikaa na simu mkononi, akizihesabu Jumapili zilizopita.

Jumapili hiyo alikwenda peke yake. Alimkuta Eluned kwenye kiti chake dirishani, akamwambia yote bila kuficha. Eluned alisikiliza mpaka mwisho. Tangu kiharusi, maneno yalimtoka polepole.

"Kwa hiyo mwaka mzima ungeweza kuja."

"Ningeweza."

"Na injini?"

"Nzima. Niliona aibu, mke wangu."

"Mimi nikadhani umenichoka. Carys anaongea, wewe unatazama saa. Nikasema basi, mwenzangu kachoka."

"Hata siku moja, Eluned."

"Mwanzoni walikuwa wananivalisha gauni la kanisani kila Jumapili, nakaa hapa nakungoja. Baadaye nikawaambia waache." Alivuta pumzi. "Nimejifunza kukaa bila wewe, Idwal. Si kazi ndogo. Ilinichukua mpaka Krismasi."

"Nitakuja kila Jumapili sasa."

"Usiseme. Wewe kusema hakukushindi."

Idwal alihamishia kiti chake upande wa Eluned usiopooza, akaushika mkono wake. Eluned hakuuondoa, wala hakuukaza. Wakakaa hivyo wakitazama maegesho ya magari, kila mmoja na mawazo yake. Saa kumi mhudumu aliingia na sinia, akamwekea Eluned kikombe kimoja cha chai, akageuka kuondoka. Alipofika mlangoni ndipo alipomwona Idwal.

"Samahani," alisema. "Jumapili huwa hana mtu."