Suruali za Inchi Thelathini na Nane

Nianze na aibu yenyewe, maana Kangundo yote inaijua: nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kanisa, pini mdomoni, nimeshikilia suruali ya mume wa mtu kwa mikono miwili isianguke, mke wake ameketi benchi la pili, na askofu mgeni amenishika kichwa akiniombea niokoke.

Aliyenifikisha hapo ni Mutiso, mtoto wa dada yangu. Namtaja jina na sioni haya, maana yeye hakuona.

Mimi ni fundi wa nguo hapo sokoni, shule niliachia darasa la sita, lakini kiuno cha mtu najua kukipima. Kwaya ya wanaume ilitaka suruali mpya za kumpokea askofu, na mwalimu mkuu wa shule ya hapo chini alikuwa ameniambia ataziangalia kwanza, zikimpendeza sare za watoto wote ni kazi yangu. Mnaelewa basi vile nilivyozitaka zitoke vizuri. Nikapima wote, na Jumapili ikawa imenifika shingoni.

Ndipo Mutiso akaja kunisalimia. Yuko chuo, anasomea takwimu, na likizo hiyo alikuwa anafundisha kila mtu (alimwambia mama yake uwezekano wa mvua ni mdogo, anika tu, na nguo zikanyeshewa). Akaona vile vipimo, akachukua kalamu.

"Anti, unajisumbua bure. Jumlisha viuno vyote, gawanya kwa idadi ya wanaume, unapata wastani. Inchi thelathini na nane. Kata zote mara moja."

"Na Mzee Kioko je, na lile tumbo?"

"Anti, watu wengi huwa karibu na wastani." Akanichorea kitu kama kilima. "Wengi wako hapa juu kileleni. Huku chini pembeni ni wachache tu, hao utawafinya kidogo."

Utawafinya! Na mimi kwa uchovu nikapanga vitambaa kimoja juu ya kingine, nikachora suruali moja, nikakata zote pamoja kama mtu anakata sukuma wiki.

Sasa hiyo kwaya yetu, nusu ni vijana wa boda boda, wembamba ajabu, na nusu ni wazee wa maduka wenye vitambi. Kileleni kwa kilima cha Mutiso hakukuwa na mtu hata mmoja! Wote walikuwa kule chini, pande mbili, wananingoja.

Jumapili wakavalia ofisi ya kanisa. Musyoka wa boda boda akatoka ameshika kiuno. "Mama Ndinda, tunaingia wawili hapa?" Mzee Kioko akatoka amebana pumzi. Vijana nikawafunga na kamba ya sisali, wazee nikawaambia waache kifungo wazi, koti litaficha, na Mzee, tafadhali, usiruke.

Lakini kwaya ya Wakamba isiyoruka ni kwaya gani? Ubeti wa pili Mzee akasahau, akaruka, akainama, na praaa! Mpaka benchi za nyuma walisikia. Musyoka akageuka kuangalia ni nini, kamba ikakatika, suruali ikateremka mpaka kwa viatu, na akaendelea kuimba (huyo kijana Mungu amzidishie). Nikatoka mbio na pini zangu, nikapiga magoti, nikaivuta juu, na askofu akadhani nimeguswa na wimbo.

"Dada, uachilie huo mzigo!"

"Siwezi!" nikasema na pini mdomoni.

"Unaweza!" Na kanisa lote, "Amina!"

Mwalimu mkuu nilimpata nje anafuta machozi ya kicheko. "Mama Ndinda, umenifurahisha, lakini sare nitampa fundi mwingine." Siku hizi napima kila mtu peke yake, hata wakija mapacha, na watoto wa sokoni bado wananiita Mama Wastani.

Na Mutiso? Alirudi chuo kesho yake alfajiri. Nikimpigia ananiambia, "Anti, kosa si la wastani, ni kwaya yako iko na vilele viwili."

Sawa. Mutiso, suruali zote ninazo hapa, nimezishona zilipopasuka. Njoo Jumapili, uvae moja, usimame mbele na kwaya, uruke. Ama uniletee huyo mwanaume wako wa inchi thelathini na nane nimvishe mwenyewe. Yuko wapi?