Watu wa Roboti na Watu wa Machozi

Enzi zetu kule Mangobo, katuni za Kijapani hazikutazamwa na mtu peke yake. Poste, yaani televisheni na deki yake ya kaseti, ilikuwa moja tu, ya Papa Lokwa, fundi cherehani jirani yetu. Kila Jumapili baada ya misa aliiweka dirishani, nasi tukajaa uani na mikate ya kukaangwa mikononi, ya moto, mafuta yakituchuruzika hadi viwikoni. Kaseti zilikuja na mashua kutoka Kinshasa, na zilikuwa mbili. Moja ya roboti wanaopigana angani, nyingine ya msichana yatima anayemtafuta nyanya yake kwenye theluji. Theluji hatukuwahi kuiona. Tuliamini huko Japani mtu amemwaga unga wa muhogo.

Haikuchukua muda tukagawanyika. Kaka yangu mkubwa, yaya Faustin kama tulivyomwita, akajitangaza mkuu wa Watu wa Roboti. Zaina, binti wa muuza vitambaa, akawaongoza Watu wa Machozi. Mimi nilikuwa msichana mpenda roboti, basi pande zote mbili zikaniona mpelelezi. Kisha Watu wa Roboti nao wakapasuka, hawa wa roboti mwekundu, wale wa roboti wa bluu, na hawakukopeshana tena hata mpira. Na poste yenyewe haikuwa na rangi! Nyekundu na bluu tulizisoma kwenye ganda la kaseti.

Jumapili moja mvua ikinyesha, tukabanana barazani. Faustin na Zaina wakaivutania kaseti ya yatima mpaka utepe ukachomoka kama matumbo ya kuku. Papa Lokwa akazima poste.

"Bon, imekwisha," akasema. "Mutaiona siku mutasikilizana."

Jumapili zilizofuata zilikuwa ndefu. Wasichana walicheza nzango, mchezo wetu wa kuruka na kurushiana miguu, bila hamu, wavulana wakapigana bila roboti. Hatimaye wakuu wawili wakakaa chini wakapatana: yatima kwanza, roboti baadaye, na hakuna kuondoka katikati. Papa Lokwa akaurudisha utepe ndani kwa kalamu, akisonya.

Siku hiyo pia mvua ilinyesha. Wavulana walikaa wamekunja mikono kama watu walioitwa polisi. Yatima akafika kwa nyanya yake, akabisha, mlango ukafunguka. Nyuma yangu nikasikia kwikwi. Alikuwa Faustin, mkuu wa Watu wa Roboti, analia mpaka mabega yanatikisika.

"Vumbi imeniingia mu macho," akasema.

"Vumbi gani?" Zaina akamwuliza. "Mvua iko inanyesha tangu asubui!"

Wavulana walimfukuza kambini papo hapo. Akahamia mkekani kwa wasichana, akiwa mnyonge kweli. Lakini Jumapili iliyofuata mvulana mmoja akaja kukaa karibu naye, kisha mwingine, na kila mmoja alikuwa na vumbi lake. Zaina naye siku moja alishangilia roboti wa bluu hadi sauti ikamkauka. Nilifurahi kuliko wote. Sikuwa mpelelezi tena.

Leo mpwa wangu Dieumerci, kijana mwenye ndevu, ananieleza kwamba huko Japani kuna katuni za wavulana, za wasichana, za wanaume wazima, za wanawake wazima, na kila aina ina wapenzi wake na vikao vyao. Na yeye ana kundi lake kwenye simu. Juzi wamemwondoa rafiki yao kwa kusifu hadithi ya mapenzi.

"Tantine, ile iko ya wanawake," akaniambia, kwa uzito wa hakimu.

Jioni yeye na wenzake wawili wanakuja sebuleni kwangu, kila mmoja na simu yake, masikio yamezibwa. Hawagombani kamwe. Hakuna anayemsikia mwenzake akilia.

Jana nikamwomba Dieumerci anionyeshe katuni mojawapo.

"Alors, tantine, wewe unapenda ya aina gani?"

Nikasogea karibu naye. Maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa. Mimi nilizoea ile aliyoichagua mtu aliyekaa pembeni yangu.