Gemu la mazombi pale Usagara: uzuri wake, kasoro zake, na mzee wangu muosha maiti

Wakuu, salaam. Waliotutangulia umri, shikamooni.

Nayoandika hapa ni kweli tupu. Anayetaka kubisha aje Mabawa aulizie nyumba ya muosha maiti, ataletwa mpaka mlangoni.

Nimeona humu watu wanaliponda lile gemu la mazombi, lile kabati kubwa lenye skrini na bunduki mbili za plastiki zilizofungwa kwa waya. Mie nimelicheza miezi kadhaa, tena na baba yangu mzazi, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza mjue mzee wangu. Mtaani kwetu mwanamume akifariki, baba ndiye anayeitwa kumwosha. Hiyo ndiyo heshima yake, hana nyingine na wala haitaki nyingine.

Mwaka jana akapata kiharusi. Mguu ukarudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Na mkono huo ndio unaomimina maji.

Basi ikawa msiba ukitokea, watu wanapita mlangoni kwetu kimya kimya kwenda kumwita mwingine. Baba anawaona. Anageukia ukutani. Iliniuma sana, wakuu.

Hospitali walimpa mazoezi, kukunja kiganja na kukiinamisha, na mpira wa kuminya. Hataki. "Mie si mtoto wa kuchezeshwa mpira!" Mzee ana kiburi na mie nimekirithi, kwa hiyo nyumbani ilikuwa kununiana tu.

Siku moja baada ya alasiri tunatoka kliniki, mvua ikatukuta Usagara. Tukajibanza kwenye ukumbi wa magemu. Kabati la mazombi halikuwa na mtu. Nikamshikisha bunduki, nikamwambia haya, piga.

Hapa nianze na uzuri wake. Halina vitufe vya kukariri. Unalenga, unafyatua. Risasi zikiisha unainamisha bunduki chini, nje ya skrini, zinajaa. Mtu wa miaka sabini anaelewa palepale. Na bunduki ina uzito, si kama rimoti ya tivii.

Baba akapiga wawili. Akapenda, nilimwona. Akauliza, "Hawa ni kina nani?"

Mie na ujuaji wangu nikajibu, "Ni wafu, baba. Wametoka makaburini."

Lo! Akaiweka bunduki chini.

"Maiti hapigwi," akasema. "Maiti anasitiriwa." Kisha akasogea akawatazama vizuri. "Na hawa kawaosha nani? Hata sanda hawana! Kuna mtu kafanya kazi yake ovyo."

Ningesema ni mashetani angewapiga mpaka magharibi. Mdomo wangu huu! Nilikasirika, nikaendelea kucheza peke yangu huku nabwata moyoni.

Sasa, humo ndani kuna na watu hai, wanatokea wakikimbizwa. Mama mmoja akakabwa shingo, anapiga mayowe, na mie risasi zimeniishia. Nikasikia pembeni paa! Zombi chini. Kugeuka, baba kaishika bunduki, mkono wa kulia kwenye kifyatulio, wa kushoto unauegemeza.

"Huyu yu hai," akasema. "Aliye hai naye ana haki yake."

Tangu hapo ikawa kila tukitoka kliniki lazima tupitie. Na mzee ana sheria zake. Zombi anayepita zake hamgusi. Anayemshika mtu hai, huyo anakiona cha mtema kuni. Mie nasafisha njia, yeye anaokoa.

Na hapa ndipo nilipoliheshimu gemu. Kila ukimwokoa mtu unaongezewa uhai mmoja. Mie na mbwembwe zangu nakufa wa kwanza, mzee na risasi zake chache bado kasimama, ananitazama kwa huruma.

Kasoro zipo, tena nyingi. Bunduki ya kulia inavuta kushoto, unalenga kichwa unatoboa ukuta. Maelezo yote Kizungu na yanapita mbio. Yale majitu ya mwisho wa levo hayataki ustadi, yanataka tu uendelee kufyatua mpaka kidole kife ganzi. Damu nayo imezidi, msiende na watoto.

Ila kwa baba kasoro kubwa ni nyingine. Gemu halikupi nafasi ya kumsitiri aliyeanguka. Ukimpiga anayeyuka, basi. Kila akianguka mmoja utamsikia baba taratibu, "Inna lillahi..." Ukumbi mzima walikuwa wanacheka, baadaye wakazoea.

Kitu nilichochelewa kukiona ni kile kiganja. Kila akijaza risasi anakiinamisha vilevile walivyomwambia hospitali. Yeye alikwishaona kitambo. Siku moja nikamkuta uani ameshika birika, anamimina maji juu ya jiwe la kufulia, polepole, akianzia upande wa kulia. Nikarudi nyuma asinione.

Mwezi uliopita akafariki Mzee Kombo, mwenzake wa bao wa miaka yote. Watu wakaanza kupita mlangoni. Baba akatoka.

"Mnakwenda kwa nani? Kombo ni wangu."

Niliingia naye kumshikia ndoo. Mara mbili maji yakamwagika pembeni. Sikuthubutu kumsaidia. Akaosha, akakausha, akatia kafuri, akamvisha sanda, akafunga mwenyewe.

Tulipotoka alikuwa analia waziwazi. Akajifuta kwa kiganja kilekile cha kulia, akaniambia:

"Huyu nimemwosha vizuri. Hatoki."

Wallahi nilicheka na kulia kwa pamoja, watu msibani wakanishangaa.

Sisemi gemu ni dawa, kliniki bado tunakwenda. Nilichojifunza ni kwamba mie nilikuwa namsukumia mazoezi, na yeye alikuwa anaitaka kazi yake. Ningemuuliza mapema tusingenuniana miezi yote ile.

Haya, mlio na wazee wa namna hii nyumbani, semeni mnaishi nao vipi. Na kama humu kuna fundi wa hizi mashine, apite Usagara aitazame ile bunduki ya kulia. Mzee kaniambia safari ijayo anaitaka hiyo.