Viganja Vinne vya Kimea

Pale Ilongero, sherehe isiyokuwa na togwa ya uwele ya Mama Eliza ilihesabika nusu sherehe. Kipimo chake kilikuwa mkono wake mwenyewe: kila chungu cha uji kilitiwa viganja vinne vya unga wa kimea ili kikolee utamu. Lakini kwenye kipaimara cha mwaka huu watu walionja kidogo, wakaweka vikombe chini kwa adabu. Eliza aliwaka. Alilaumu uwele, akalaumu mashine ya kusaga, akamgeukia hata Dorika, mke wa mwanawe, akidai kwamba kimea alikianika vibaya.

Dorika aliazima mizani dukani.

“Mama, hebu weka kiganja chako kimoja hapa.”

Gramu thelathini na tano. Kisha Dorika akapima cha kwake: sitini.

Eliza aliutazama mkono wake, uliokonda tangu alipougua masika, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Halafu akausukuma mfuko wa kimea kwa Dorika.

“Viganja ni vinne vilevile, usije ukanibadilishia!” akafoka. “Ila kuanzia leo, ni vyako.”