Toa Pumzi Yote

Miaka ile, mtu akikonda tu, mtaa mzima ulikwisha kumpa ugonjwa wake, ingawa hakuna aliyethubutu kuutaja. Mdogo wangu wa kike akakonda. Tuliishi kwa mama, mtaa wa Makole, Dodoma, na kwetu wote tulikula sinia moja. Mimi ndiye niliyeanza kumpakulia kwenye sahani yake peke yake. Sikusema kwa nini, naye hakuuliza. Alikula matonge mawili, akashika tumbo, akajikunja pale pale mkekani.

"Nikila ndipo linauma, dada," aliniambia. Siku moja akaniletea cheti cha kipimo cha damu. Hakikuonyesha virusi. Nilimrudishia bila kukisoma hadi mwisho. Nilikuwa nimesikia kwamba siku hizo vyeti vinanunuliwa kama vitumbua. Nilikuwa mkali na mjinga, vyote viwili.

Mwaka wa pili, daktari mmoja pale Dodoma alimsikiliza juu ya kitovu, akasikia damu inavuma. Akatuandikia barua ya Dar es Salaam, kwenye mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Huko walimlaza kwenye kitanda cha mashine, wakamchoma sindano ya dawa ya kuonyesha mishipa. Mpiga picha akamwambia avute pumzi, aizuie. Picha hazikuonyesha kitu. Moyoni nikasema, si nilijua, ni ugonjwa ule ule! Naona aibu hata kuliandika hili.

Daktari wa kusoma picha, mama mmoja wa makamo, hakuridhika. Akamuuliza maumivu yanazidi wakati gani.

"Shikamoo mama. Nikishakula, na nikitoa pumzi."

"Marahaba. Basi rudi ulale tena. Safari hii toa pumzi yote, mwanangu, ubaki hivyo hivyo."

Kisha aliniita mbele ya kioo cha kompyuta. Mshipa mkubwa unaolisha tumbo damu ulikuwa umeminywa na ukanda mgumu wa nyama, chini tu ya mapafu. Mdogo wangu akivuta pumzi ukanda unaachia kidogo, akitoa unabana. Alisema wapasuaji wangeweza kuukata ukanda huo.

Nililia mbele ya watu. Mdogo wangu alitoka akijifunga khanga yake, nikamshika mikono, nikamwambia anisamehe, sasa nimeamini.

"Mashine umeiamini leo leo, dada," alisema. "Mimi nimekwambia miaka miwili."