Mkono wa Kuliza Gitaa

Boksi lilishuka pale stendi ya Same saa tisa na dakika ishirini alasiri, limefungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa nikilisubiri tangu saa sita, na muda wote huo sikuweza kukaa. Utingo alilitikisa kabla ya kunikabidhi.

"Mzee, humu mna nini? Mifupa?"

"Gitaa."

"Gitaa gani linagongana hivi?"

Watu wakacheka. Nikalitia begani nikaondoka, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza. Gitaa lenyewe lilikuwa bado halijawa gitaa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu ambavyo zamani havikuingia nchini viliingia vyote kwa pamoja, vizima, vibovu, na vingine ambavyo havijamaliziwa. Mdogo wangu, aliyekuwa na kibanda Kariakoo, alikuta gitaa la umeme linauzwa vipande vipande: kiwiliwili cha mbao tupu, shingo, funguo za kukazia nyuzi, nyaya na skrubu ndani ya vifuko. Kuliunga na kulipaka ni kazi ya mnunuzi. Gitaa zima lilikuwa na bei ya ng'ombe. Hili lilikuwa shilingi elfu arobaini. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge na sasa nilitengeneza redio kibarazani, kwa hiyo elfu arobaini haikuwepo ila ile ya mabati ya nyumba tuliyokuwa tukijenga.

Mke wangu alikubali kwa sharti. Binti yetu wa miaka kumi na miwili alitaka kupiga gitaa katika kwaya ya usharika. Mpigaji wa zamani alikuwa amekwenda Mirerani kuchimba tanzanite na kuondoka na gitaa lake, akabakiza kipaza sauti na deni la soda. Mwalimu wa kwaya alitangaza kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi angemsikiliza kila mwenye gitaa lake mwenyewe.

"Akichukuliwa, sawa," alisema mke wangu. "Asipochukuliwa, linauzwa, na mabati yangu yanarudi."

Mnunuzi tulikuwa naye tayari, mwenye baa mmoja aliyekuwa anaunda bendi. Aliahidi elfu hamsini na tano, mradi gitaa liwe safi, bila mkwaruzo wala tundu la ziada. Mke wangu alimfanya arudie maneno hayo mara mbili.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa kwa lugha ambayo hatukuijua hata herufi zake, ila ilikuwa na michoro. Nimejifunza kazi zangu zote kwa michoro, kwa hiyo hilo halikunitisha. Nilipanga vipande juu ya kanga kufuatana na namba, nikaunga shingo kwa majaribio, nikaifungua tena. Binti yangu alisimama mlangoni na sare ya shule.

"Baba, nishike kidogo?"

"Bado. Likiisha."

Alisema hivyo kila siku, nami nikamjibu hivyo kila siku.

Kilichonitesa ni vanishi. Anayeijua Same anaujua upepo wake. Unaanza asubuhi, na kufika adhuhuri unabeba nusu ya tambarare. Nilipaka tabaka la kwanza, nikaingia ndani kunywa chai, nikatoka nikakuta kiwiliwili kimeota vipele vya mchanga kama goti la mtoto. Nikapiga msasa. Nikapaka ndani ya chumba na kuziba dirisha kwa gunia. Vumbi likapita chini ya mlango. Nikapiga msasa tena. Usiku sikupata usingizi, nikisikiliza mabati ya jirani yakigonga.

Nikaamua kupanda nalo mlimani Mbaga, kwa mama yangu, ambako hakuna vumbi. Nilikaa nyuma ya pikapu na kiwiliwili kimefungwa kwenye shuka, magunia ya chumvi yakinibana. Mama alikuwa akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea mtoto au ubao?"

Nikamweleza. Akalishika, akaligeuza huku na huku.

"Lake huyu mjukuu wangu? Umempima?"

"Gitaa halipimwi, mama. Si gauni."

"Mpime," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nilidhani anazungumzia urefu wa mikono, nikakumbuka kwamba shingo ilikuwa fupi kidogo, nikaridhika. Nilipaka vanishi jioni hiyo chini ya mgomba. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, na vanishi yote imegeuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagwa. Mama alikuja akatazama, akasema sasa limekuwa zuri, linafanana na kanzu ya kanisani. Nilitaka kucheka nikashindwa. Huku juu kuna maji mengi hewani, kule chini kuna mchanga, na mimi nilikuwa nikihangaika barabarani kati ya viwili hivyo nikitafuta hewa ya kukaushia ubao.

Mwishowe nilifanya kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Nilirudi Same, nikanyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, nikapaka alfajiri kabla upepo haujaamka, matabaka membamba, moja kila siku. Lilikauka likang'aa rangi ya asali. Nikachomelea nyaya, nikafunga shingo, nikaweka nyuzi kama mchoro unavyoonyesha. Ijumaa, siku moja kabla ya kusikilizwa, nilichomeka gitaa kwenye redio ya mteja na kugusa uzi mmoja. Lililia. Mwenye baa, aliyekuwa akipita kila baada ya siku mbili, alipita tena na kusema, "Hapo sasa. Usiliguse tena."

Saa tisa binti yangu alirudi kutoka shule. Alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda, akalipokea. Kisha akaligeuza. Shingo ikaenda kulia kwake, kiwiliwili kikalala kwenye paja jingine, uzi mnene ukawa chini. Akajaribu kupiga, akaguna.

"Nyuzi zimekaa juu chini, baba."

"Wewe ndiye umelishika juu chini. Ligeuze."

Akaligeuza kama nilivyosema, na vidole vyake vikawa vya mtu anayevaa viatu vya mwenzake. Hapo ndipo nilipoelewa kupima kulikuwa kupima nini. Likizo zote mbili alikuwa amejifunzia Mbaga kwenye gitaa la galoni alilolifunga nyuzi mwenyewe, kwa mpangilio wake, na bibi yake alikuwa akimwangalia.

Kwetu mkono wa kushoto haupokei, hausalimii, hauli. Alipokuwa mdogo tulimhamishia kijiko kutoka mkono hadi mkono mpaka akazoea, naye anaandika kwa mkono wa kulia kwa hati nzuri. Nilijua jambo hilo limekwisha.

"Lakini wewe unatumia wa kulia," nikamwambia.

"Wa kulia si wa kulia chakula? Chakula nakula nao." Akanyanyua mkono wa kushoto. "Gitaa linalia kwa huu."

Mke wangu alicheka jikoni.

Kugeuza nyuzi peke yake hakutoshi. Kile kipande cha mfupa kinachozishikilia juu ya shingo kina mikato ya unene tofauti. Uzi mnene hauingii kwenye mkato wa uzi mwembamba. Na kifungo cha mkanda kinapaswa kuhamia kwenye pembe ya pili. Maana yake ni kutoboa tundu kwenye vanishi ile, na mwenye baa asingelitaka tena. Nilitoka uani, nikaingia, nikatoka. Nilikuwa na drili mkononi na sikuweza kuigusisha kwenye mbao.

"Kwa nini unazunguka?" mke wangu akauliza.

"Nikitoboa, haliuziki. Na kama hatachukuliwa kesho, umekosa mabati."

"Akipiga hivi lilivyo atachukuliwa?"

"Hapana."

"Basi toboa, baba wee, unanitia kizunguzungu."

Nikatoboa. Kwa mchinjaji nikapata mfupa wa paja la ng'ombe, bure, nikakata kipande kipya kwa msumeno wa chuma na kukitia mikato kwa tupa, nikijaribu kila uzi mmoja mmoja. Magharibi ilipoingia nyuzi zote zilikuwa zimekaa.

Jumamosi nilibaki nje ya kanisa. Ndani walikuwa wawili, binti yangu na kijana wa kidato cha pili, na mwalimu aliwapa wimbo uleule kwa zamu kwenye kipaza sauti kilekile. Nilizunguka jengo. Gitaa lile nililijua kila skrubu, lakini kupitia dirishani sikuweza kutofautisha lipi ni langu, na hilo lilinikera kuliko nilivyotarajia. Kisha mlango ukafunguliwa. Binti yangu akatoka amelibeba kwa kulikumbatia.

"Yule kijana anapiga Jumapili nyingine zote," akasema. "Mimi Jumapili ya tatu."

"Mwalimu alisema nini?"

"Alisema nikae mwisho wa mstari, mkono wangu unamgonga jirani."

Nyumbani nilimweleza mke wangu, nikamwachia hukumu, kwa sababu sharti lilikuwa lake. Alifikiri akiwa ameshika mwiko.

"Jumapili moja kwa mwezi," akasema. "Amechukuliwa."

Jioni mwenye baa alikuja. Aliona tundu kwenye pembe, akaona nyuzi, akashika kichwa. "Hili la mashoto nitampa nani?" Akataja elfu kumi na tano, kwa ajili ya vipuri. Mke wangu akamwambia hilo si la kuuza, na kama anataka chai, ipo.

Vyumba viwili vya nyuma vilikaa bila paa masika yote. Nikijumlisha bei ya vipande, nauli ya boksi, vanishi na msasa, tulipoteza shilingi elfu arobaini na tatu na mia tano.