Mpishi Aliyekaa Kitini

Mtaa mzima wa Kadutu, mjini Bukavu, ulimjua Maman Gisèle kwa mwendo wake. Alikuwa mpishi wa sherehe, harusi kwa ubatizo, na hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Mkono mmoja unamenya ndizi, mwingine unasonga bugali, mdomo unafokea moto. Watu walimsifu, naye sifa zile zilimnogea.

Mpaka siku ya ubatizo mmoja kule Nguba. Mafuta ya mawese yalipoisha, hakumtuma mtu. Alishuka mwenyewe mbio hadi sokoni. Aliporudi akihema, maharagi yameungua, wali unanuka moshi. Wageni waliimba nyimbo zote walizozijua, wakarudia za mwanzo. Padri akaaga na soda tupu tumboni.

Nyumbani, mumewe Lucien, fundi seremala, alimpokea sufuria mikononi.

"Nikipewa mbao, sianzi kukata palepale," alimwambia kwa upole. "Nakaa kwanza, naangalia. Weye unakaaka saa ngapi?"

Kesho yake, badala ya kuteremka sokoni, Gisèle alitoa kiti nje, akakaa akitazama ziwa. Alikaa mpaka jirani yake Colette akaingiwa na wasiwasi, akaja na chai na rozari.

"Maman Gisèle, uko mugonjwa?"

"Hapana. Niko nawaza."

"Unawaza nani? Kuko mutu amekufa?"

"Nawaza kazi yangu, Colette. Kaa, nawe uwaze yako."

Colette alicheka hadi chai ikamwagika, lakini akakaa.

Ndipo Gisèle akayaona mambo aliyokuwa akiyapita mbio. Vyakula vya aina tisa, na wageni hugombania vinne tu. Mawifi zake wanajua kupika, ila hakuwahi kumwachia hata mmoja mwiko. Na kila sherehe alikuwa anaanza kuijua nyumba ya watu siku ileile ya kupika.

Kazi iliyofuata ilikuwa harusi ya binti wa Maman Eulalie. Safari hii Gisèle alikwenda siku moja mbele, mikono mitupu. Aliuzunguka ua, akauliza upepo unatoka wapi, akaonyesha mahali pa kufunga turubai juu ya meko. Akapunguza vyakula vikabaki vinne: sombe ya majani ya muhogo, sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga, bugali, na nyama ya mbuzi. Kila wifi akapewa sufuria yake na neno la mwisho juu yake.

Siku ya harusi, Eulalie alimkuta amekaa kitini katikati ya meko, kitenge kimenyooka, hana hata kijiko.

"Yesu wangu! Maman Gisèle, wageni wanatoka kanisani, na weye umekaa?"

"Sababu nimekaa, naona zote, maman. Ile mbuzi, punguzeni moto! Wifi Lydie, sombe yako iko tayari, itoe."

Mvua ya Bukavu haiombi ruhusa. Ilishuka maharusi wakiingia uani. Wageni wakakimbilia barazani wakipiga kelele, lakini chini ya turubai moto uliendelea kuwaka kana kwamba mvua inanyesha mbali kule Goma. Ilipokatika, chakula kilitoka chote pamoja, kinafuka moshi. Eulalie aliangalia sahani, akamwangalia Gisèle, akaanza kupiga vigelegele.

Muziki ulipopanda, Lucien alimfuata mkewe akamshika mkono. Katika harusi zote alizopikia, Gisèle hakuwa amecheza hata moja. Akacheza, kwa aibu kwanza, halafu kwa kiuno chote, mawifi wakimzunguka na miiko juu kama bendera.

Baadaye akaketi mezani kati ya wageni, akaletewa sahani iliyojaa. Akaonja sombe, akatafuna taratibu, akamgeukia Lucien macho yamemtoka.

"Papa, kumbe hii kitu iko tamu hivi?"

"Tulikuambiaka," Lucien akasema, mdomo umejaa. "Ulikuwa unapita tu."